Koti la Masatu

Maji yaliteremka kutoka mlima wa Balili saa tisa alasiri, yakaingia mtaani kwetu Nyasura bila kubisha hodi, na kufikia saa kumi na moja yalikuwa yameshaondoka. Kwangu yalichukua magodoro mawili, gunia la mahindi, kuku sita na redio. Cherehani yaliniachia, ila ilijaa tope mpaka kwenye sindano. Watu wa mtaa walilia sana siku ile. Mimi nilikaa juu ya meza nikiwaza kitu kimoja tu, sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na koti la marehemu mume wangu, Masatu. Nililishona mwenyewe kwa kipimo chake. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, nikaliwekea pamba ndani ili asionekane amepinda. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, nguo zake zote ziligawiwa ndugu kule kwao Buswahili siku ya kumaliza msiba, maana ndivyo ukoo wao unavyofanya. Koti alipangiwa Stanslaus, mdogo wake. Sikuona kwa nini Stanslaus, mwenye mabega yaliyonyooka kama rula, avae kazi ya mikono yangu. Hatukujaliwa watoto, na nyumba nzima haikuwa na kitu kingine chenye umbo la Masatu. Nikalificha.

Tatizo ni kwamba nguo zile zilifuliwa na kupigwa pasi na wifi yangu, Hilda. Zilipoonekana zimepungua, mama mkwe aliniuliza, nami nikajibu kwamba zote nilimkabidhi Hilda. Sikusema ameiba. Kwa miaka miwili nimejitetea hivyo, kwamba sikusema ameiba. Hayo waliyasema wengine. Tangu siku hiyo mama hakula tena chakula kilichopikwa na Hilda. Hilda akienda kumsalimia na sato kutoka Musoma, akikaanga au akichemsha, mama husema ameshiba, kisha humwomba mke wa Stanslaus amkorogee uji.

Asubuhi baada ya mafuriko, mtu wa kwanza kufika kwangu alikuwa huyo huyo Hilda. Alitoka kwake Kamunyonge, kule Musoma, na gari la kwanza, na ndoo mbili na mifagio ya chelewa. Alinipa pole mara moja, akakaza kitenge chake kiunoni, akaanza kukwangua tope jikoni. Niliudhika, sitaki kudanganya. Kama angekuja kunitukana ningejua la kumjibu. Nikampa kazi za jikoni na uani, mbali na chumba cha kulala.

Saa nne wakaja wanakwaya wa parokiani na mabeleshi yao, na hao hawapangiwi kazi na mtu. Walitoa kila kitu nje, wakavipanga vyombo kando ya barabara vikauke juani, kama ilivyofanyika nyumba zote, hata ungeweza kujua nani ana sufuria ngapi. Kitanda kikatoka, na sanduku likatoka. Nikasema liachwe, nitalifungua baadaye. Hilda akasema vitu vitaoza humo ndani. Nikasema ufunguo umechukuliwa na maji. Akaazima nyundo kwa jirani, akagonga kufuli mara mbili, likaachia.

Shuka zilizokuwa juu zilikuwa tope tupu. Chini yake kulikuwa na mfuko wa nailoni niliouzungushia selotepu mara nyingi tu. Katika mali yangu yote, koti lile ndilo lililokuwa kavu. Hilda alilitoa, akalishika mabegani, akalipapasa upande wa kushoto.

"Wifi," alisema, "hii ndiyo ile koti."

Nilikubali, ningekataaje? Nikamweleza kwamba nililishona mwenyewe, kwamba nilikuwa na uchungu. Kisha nikapendekeza tuseme kwamba lilisahaulika ndani ya sanduku na mafuriko ndiyo yameliibua, ili kila mtu apumue. Hilda alinisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono, akatoa simu, akapiga Buswahili na kuweka spika.

"Mwambie mama wewe," alisema. "Mimi nilikuwaga namwambia, hanisikii."

Stanslaus alipokea, akampelekea mama simu. Mama ana masikio mazito, na amevuka miaka themanini. Nikamwambia koti la Masatu limepatikana.

"Hilda ameirudisha?" mama aliuliza.

Ningeitikia tu, mambo yangeisha. Hilda angesamehewa kama wanavyosamehewa wezi waliotubu, nami ningebaki mke mwema wa Masatu. Hilda alikuwa ameikazia macho simu.

Nikasema hapana, mama, lilikuwa kwangu. Hakusikia. Nikarudia. Akasema nipaze sauti, maneno hayafiki. Nikapaza mpaka koo likauma.

"Mama, koti nilificha mimi! Hilda hakuchukua kitu!"

Mabeleshi yalisimama barabara nzima. Wanakwaya walinitazama, majirani wakanitazama, na nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

"Hilda yuko hapo?" mama aliuliza.

"Niko, mama."

"Njoo unipikie. Nina njaa."

Hilda alikaa chini palepale kwenye tope, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza alinawa uso na miguu, akalikunja koti vizuri, akalirudisha kwenye mfuko wake, akaenda nalo stendi kupanda gari la Buswahili. Hakuniaga, na sikuwa na mdomo wa kumwomba aniachie.

Wanakwaya walikusanya mabeleshi yao, wakahamia kwa jirani. Chumba cha kulala nilikisafisha peke yangu.