Mishale Mitano kwa Kila Nyumba

Mwaka ule serikali ilipopiga marufuku uwindaji, Chifu Musembi alisimama barazani pale Matinyani, kofia imenyooka kichwani na kifimbo kwapani, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba moja ni mishale mitano. Mwenye kuzidisha ni jangili, na jangili atalala ndani. Mishale inayozidi iletwe kambini, ofisini kwake, Ijumaa, moto utakuwa tayari. Kisha akafunga baraza kwa maombi, maana chifu wetu alikuwa mtu wa kanisa, hata vitisho vyake aliviwekea amina.

Watu wakageuka kwa pamoja wakamtazama Ndululu.

Na wangemtazama nani mwingine? Nyumba nyingi za Matinyani hazikuwa hata na mishale mitatu, na aliyeimaliza ni yeye. Ndululu alikuwa seremala, mtu mfupi wa mdomo usio na breki, na kila baada ya mavuno alikuwa wa kwanza kufika kwenye mteremko wa nyuma ya soko, ambako wanaume walikutana kulenga shabaha. Mchezo wenyewe ni huu: gurudumu la katani iliyosukwa, kubwa kama sinia, linasukumwa kutoka juu ya mteremko, nanyi mnalilenga likipita mbio. Mshale wako ukilikosa ukaanguka chini, si wako tena. Anauokota aliyelipiga, anaenda nao kwake, na mshale ulioshindwa haurudi. Hauombwi wala haununuliwi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na Ndululu alikuwa amezeeka akiokota.

Ghala lake la mahindi lilijaa mishale darini. Alikuwa na ya watu wa Matinyani, na ya watu wa Mbooni waliokuja kwa lori kila mwaka wakijigamba na kurudi kimya. Hakuna hata mmoja uliopakwa sumu. Vichwa vyake vilikuwa misumari iliyofuliwa, na katika maisha yake Ndululu hakuwa amechinja hata kuku kwa raha. Kwa hiyo lile neno jangili lilimkwama kooni kama mfupa. Alitoka barazani bila kuaga mtu, akatembea hadi nyumbani akiongea peke yake, na majirani waliompisha njiani walijua wasimwamkue.

Mkewe, Mutindi, alimsikiliza huku akipepeta mbaazi. Alipomaliza kufoka, mama wa watu akauliza kwa upole, kwani mtu anahitaji mishale mingapi ndani ya nyumba? Maana yeye kila akienda kuchota mahindi anachomwa kichwani.

 Hilo swali Ndululu hakuwa amelifikiria. Mitano ilimkera, lakini kama si mitano, ni mingapi? Alikaa kwenye kigogo mlangoni akilitafuna hadi chai ikapoa.

Kesho yake alikwenda kununua gundi kwa Kinuthia, yule mwenye duka aliyehamia kutoka Murang'a na kujifunza Kikamba kwa kukopesha watu. Kinuthia akamwambia kwamba shemeji yake ana bunduki ya kupiga kanga, ana leseni, maana marufuku haikugusa ndege, na anaruhusiwa kuweka boksi zima la risasi kabatini, hakuna chifu anayemuuliza. Ndululu akacheka kwa uchungu. Bunduki boksi zima, msumari wenye manyoya ya kuku mitano. Alilipa gundi akaisahau mezani.

Mbuvi, rafiki yake wa tangu utotoni, naye akaja na ushauri wake. Kwamba wangoje giza, waifunge mishale kwa nailoni, waizike mchangani kwenye mto mkavu, waifukue mambo yakitulia. Mbuvi alikuwa ameshaleta jembe, lilikuwa limeegemea ukuta.

Hapo Ndululu akapandwa na hasira. Alimwambia anayeficha ni mwizi, na yeye hakuiba mshale hata mmoja, aliushinda kila mmoja mchana, watu wakiona. Akizika mishale atakuwa amekubali kwa mkono wake kwamba yeye ni jangili. Heri Musembi amfunge. Mbuvi akachukua jembe lake akaenda zake, na usoni alionyesha wazi kwamba anaona rafiki yake ameshafungwa.

Maneno ya heri anifunge ni matamu ukiwa mlangoni kwako. Usiku Ndululu hakuyaona matamu. Aliogopa, tuseme ukweli. Alikuwa na miaka ya kuitwa babu, mgongo unauma, na aliwahi kuona mtu aliyetoka jela ya Kitui akiwa hawezi kushika kijiko. Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa jela. Ulikuwa ule mteremko. Watu wa Mbooni walikuwa waje mwezi uliofuata, na kwa mishale mitano mchezo ungekufa kabla haujaanza.

Alfajiri alipanda ngazi akaanza kuiteremsha mishale. Aliipanga uani kwa alama. Kila mshale wa Mkamba una alama ya ukoo iliyochongwa kwenye uti, karibu na manyoya, alama ileile wanayopigwa ng'ombe na inayowekwa kwenye mizinga ya nyuki. Na alama hiyo haichezewi. Hata uti ukivunjika, fundi haupeleki jikoni kabla hajaikwangua alama kwa kisu, maana mwenye kuchoma alama ya ukoo wake kwa mkono wake mwenyewe ameuambia ukoo kwamba ametoka. Watoto hulijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Ndululu akasimama katikati ya uwanja huku kisu kikiwa mkononi. Chifu alikuwa anaandaa moto wa kuchoma alama za koo zote za Matinyani, na hakuna aliyemkumbusha. Ofisi na kofia vilikuwa vimemsahaulisha.

Halafu akaona mshale mmoja mwembamba, umenyooka sana, kazi ya fundi wa zamani. Ulikuwa na alama ya ukoo wa Atangwa. Aliugeuza mara mbili akautambua. Aliushinda kwa kijana mmoja karani, mwaka ambao bendera mpya ilipandishwa, na baba yake yule kijana ndiye aliyeuchonga. Kijana alilikosa gurudumu, watu wakacheka, naye hakurudi mteremkoni tena. Siku hizi anavaa kofia.

Mutindi alitoka na ungo wake, akaona uwanja mzima umetandikwa mishale, akamuuliza anachagua mitano ipi. Ndululu akajibu kwamba hachagui, anarudisha.

"Baba Mbula," Mutindi akasema, "mshale ulioshindwa haurudi."

"Najua," akasema Ndululu, akaendelea kuipanga.

Ijumaa hakupita njia ya nyuma. Alibeba mzigo wake begani, umefungwa kwa kamba ya katani, akakata katikati ya soko mchana kweupe, na kila aliyekuwa na miguu akamfuata. Wengine walidhani wanamsindikiza jela. Kina mama waliacha nyanya zao. Kambini moto ulikuwa unawaka vizuri, askari wawili kando yake, na Chifu Musembi kwenye kiti mbele ya ofisi. Wazee wa koo walikuwa kwenye mabenchi, maana chifu aliwaita washuhudie.

Chifu alipoona ule mzigo uso ulimng'aa. Akaonyesha moto kwa kifimbo.

Ndululu akapita moto kana kwamba hauoni. Alifungua kamba, akainua mshale wa kwanza, akasoma alama, akaita kwa sauti ya kuuza mnada: Kiilu, ukoo wa Aombe, njoo uchukue. Kiilu hakusogea, alidhani anatukanwa. Ndululu akaenda mwenyewe akamwekea mkononi. Akarudi akaita mwingine, kisha mwingine. Alimpa Nzioka wake, akampa Mbuvi wake, Mbuvi akaupokea kinywa wazi. Ya watu wa Mbooni aliwagawia wakwe zao na wapwa zao waliooa huku, kila mtu kwa ukoo wake. Watu walianza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona, kwa sababu waliokuwa wakiitwa sasa walikuwa wanakuja wenyewe mbio. Mzee mmoja aliupapasa uti wake akasema huu niliuchonga nikiwa na meno yote, na akafuta macho bila aibu.

Nisikudanganye kwamba Ndululu alikuwa anafurahi. Kila mshale ulipotoka mkononi ulimuuma. Ule ndio utajiri wake na majigambo yake yote, hana kingine cha kuonyesha wajukuu, na alikuwa anaumwaga uwanjani pa chifu kama maji machafu. Lakini hakusimama.

Chifu akasimama yeye. Alisema ile mishale imeletwa kwa amri, ni mali ya serikali, na anayegawa anaingilia kazi ya serikali. Askari wakamtazama wakingoja kuambiwa wafanye nini hasa.

"Chifu," Ndululu akasema, "ulisema nyumba moja mishale mitano. Tembea uhesabu. Ukipata nyumba yenye sita, nifunge."

Hakukuwa na nyumba yenye sita. Chifu alizungusha macho kwa watu wote, na kila mtu alikuwa ameshika yake, miwili, mitatu, na hakuna aliyeficha. Akauliza basi, akijaribu kutabasamu, kama kumbe amri imetimia mbona Ndululu amekasirika hivyo.

"Kwa sababu kiasi umekipima vibaya," akasema Ndululu. "Mlenga shabaha huwekewa kiasi cha kutosha kushindwa. Mimi kwa mitano nitakaa jua lote, sikosi. Kijana anayejifunza atakosa mitano kabla hajatokwa jasho, aende nyumbani, asirudi tena. Wewe unamjua mtu wa namna hiyo."

 Waliokuwa wakubwa wa kutosha walikumbuka, wakatazama chini.

Mkononi mwa Ndululu ulibaki mshale mmoja, mbali na mitano yake aliyoiacha nyumbani. Alitembea nao hadi kwenye kiti. Hakuita jina. Aliunyoosha kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu cha heshima, ili mabenchi yaone alama. Wazee wa Atangwa wakaona. Mmoja wao akajisogeza mbele akaegemea bakora yake.

Musembi akaupokea kabla hajafikiri. Alipoona ni upi, kidole gumba chake kikateleza chenyewe juu ya uti, mahali kisu cha baba yake kilipopita.

"Huu ni wa sita kwangu," Ndululu akasema. "Kwangu umezidi. Moto huo hapo, Chifu. Choma."

Moto ulipasuka mara moja, kuni zikashuka. Chifu aliutazama, akatazama mabenchi, na sasa alikuwa amekumbuka, mtu yeyote angeona amekumbuka. Jasho lilitoka chini ya kofia. Ukoo wake wote ulikuwa umekaa pale kwa mwaliko wake mwenyewe ukingoja kuona mkono wake unakwenda wapi.

Hakuchoma. Aliuweka mshale magotini akaketi, akawaambia watu baraza limekwisha, na kwa mara ya kwanza alisahau maombi. Watu hawakushangilia. Walitoka polepole, kila mtu na mishale yake mkononi, wakipita mbele yake, naye hakunyang'anya hata mmoja.

Ndululu alikuwa anakunja kamba yake tupu aliposikia chifu akimwita kwa sauti ya chini, ya mtu hasa, si ya ofisi. Alikuwa ameuinua mshale mbele ya macho, akiufumbia jicho moja kama mlenga shabaha.

"Manyoya yameliwa na wadudu," Musembi akasema. "Wa Mbooni wanakuja lini? Nitilie mengine."

Ndululu akaitupia kamba begani.

"Tia mwenyewe," akasema. "Na uchonge mingine mingi, Chifu. Huo nitauchukua tena."

Akaondoka kupitia sokoni. Nyuma yake askari walikuwa wameona moto unapotea bure, wakaanza kuchoma mahindi.