Kondo la Gaudiose

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe mosi Aprili 2024, siku iliyofuata Pasaka. Asubuhi hiyo Didace alimpeleka mkewe Gaudiose kliniki, kule ughaibuni kwao, Garland. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Uso ulikuwa umemvimba, kichwa kikimgonga kama kuna mtu anatwanga ndani.

Daktari alimpima presha, akakunja uso. Mkalimani wao ilikuwa simu iliyowekwa mezani, sauti ya mwanamume wa pwani inayokatikakatika.

"Kondo ndilo lenye shida," ikasema. "Linamwaga sumu kwenye damu, ndiyo maana presha inapanda. Mmeelewa?"

Kwa Kiswahili cha Bujumbura walichokulia, walichosikia wote wawili ni kondoo. Na jana yake, kwenye karamu ya ubatizo kwa rafiki yao Parfait, Gaudiose alikuwa amerudia sahani ya nyama ya kondoo.

"Tumeelewa," Didace akajibu.

Wakapewa vidonge, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Ukumbini watu walikuwa wamejaa.

Kwenye gari Gaudiose akasema, "Wewe ndiye uliniongezea ile nyama."

"Na ule mfupa ulioninyang'anya mkononi, nao nilikuongezea, Mama Mélissa?" Didace akamtania, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza.

Wakacheka. Tangu hapo nyama haikuingia ndani, ni maharage na mboga za lengalenga tu. Kichwa kikimuuma, Didace alimtuliza: sumu inatoka polepole. Ijumaa Gaudiose akamwita. "Baba Mélissa, naona vimulimuli, na ni mchana." Didace akamchemshia maziwa, maana kwao maziwa huua sumu. Kikombe hakijapoa, degedege likamshika.

Mtoto alitolewa hai. Mama hakuamka.

Kichanga kilipotoka hospitali, Liliane, mdogo wa marehemu, alikichukua kwake Stafford, upande wa Houston. Ndipo wakubwa wa kliniki walipomwita Didace. Wakubwa wana namna yao: mtu akishakufa, wanaitisha mkutano na kukuwekea chupa ya maji baridi. Safari hii walileta mkalimani mwenye mwili, mama wa Kitanzania aitwaye Prudensia.

"Wanasema wanasikitika kwa kilichotokea," Prudensia akatafsiri.

Kilichotokea. Kama mvua.

"Ile kondoo aliila kwa nani, wanajua?" Didace akauliza.

Prudensia akamtazama. "Kondoo gani, kaka? Kondo. Kondo la nyuma, lile linalotoka mtoto akishazaliwa."

"Ingobyi," Didace akasema, akilitaja kondo kwa Kirundi, kama anajiambia mwenyewe.

Daktari wa siku ile, aliyekaa nao, akaeleza, Prudensia akimfuata neno kwa neno. Lile pande la nyama ni kama kiwanda. Mimba inavyokua, nalo hubadilisha kemikali linazotengeneza, ili mishipa ya mama ipanuke na mtoto apate damu. La Gaudiose lilikosa damu tangu mwanzo, likaanza kumwaga protini zinazobana mishipa, zikaumiza figo na ini. Vidonge hushusha presha tu. Kinachoponya ni mtoto kuzaliwa na kondo kutoka.

Didace hakusoma, lakini kazi ya mashine anaijua. Kiwandani kwao mashine ikianza kutoa moshi inazimwa papo hapo, na msimamizi anayeiacha iwake hufukuzwa kazi.

"Dada, waulize hivi," akasema. "Ile Jumatatu walijua linamwaga sumu. Mbona walimrudisha nyumbani nalo?"

Prudensia akauliza. Daktari akamgeukia mkubwa wake, naye mkubwa akafungua chupa ya maji.

"Hawajasikia? Waulize tena, dada. Mbona walimrudisha?"