Kwaresima ya Sukari

Jumatano ya Majivu, nikiwa nyumbani kwa ruhusa, mama yangu Dafroza alitangaza kwamba Kwaresima ile anaacha sukari. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sukari ipi? Mara ya mwisho sukari kuingia nyumba hii, Hyasinta alikuwa bado chuoni."

Ilikuwa kweli. Miaka ile ya uhaba, kwetu Kamunyonge, tulikunywa chai kwa kuuma kiazi kitamu, na nguo tulizifua kwa majani ya mpapai.

"Mwakani acha na nyama ya tembo," baba akaongeza.

Mama alibeba vikombe. Jikoni aliniambia nia yake: alikuwa anamwombea baba arudi kanisani. Tangu kaka yangu Bernado azame ziwani, baba hakukanyaga tena kanisa. Hata jina la mwanawe lilimshinda kutaja. Tangu nipate akili nilimsikia akimwita mama "Mama Bernado". Baada ya msiba akaanza kumwita "Mama Hyasinta", kwa jina langu, na kila alipoita hivyo mama alikawia kidogo kuitika.

Katikati ya Kwaresima maduka yakaanza kujaa. Serikali ilikuwa imeruhusu watu kuleta bidhaa kutoka nje, na kwa Boniphace pale Mukendo kukawa na sabuni, khanga, na magunia ya sukari. Nilipokuja nyumbani Jumamosi kwa likizo kutoka Nyasura, nilikokuwa nafundisha, nilimkuta baba ameshika kifurushi cha gazeti kilichofungwa uzi.

"Mama Hyasinta, Mungu wako kakuweza! Umemwachia sukari, naye kaileta."

"Na iletwe. Nimeshasema naacha."

"Haya. Na mwanao atakusaidia kufunga. Walimu hawahitaji sukari, wana chaki."

Akakitia kifurushi kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati. Mama hakuligusa. Alisema hata kulitazama sana ni nusu ya dhambi. Baba ndiye aliyelishusha kila asubuhi, akatugeuzia mgongo, akatia kijiko, kisha akakoroga chai yake kwa kelele mpaka kuku wakatoka uvunguni mwa meza.

"Lo! Chai kama hii nilikuwaga nakunywa zamani."

"Koroga taratibu, Baba Bernado. Utatoboa kikombe."

Lakini Ijumaa Kuu nilimkuta mama jikoni, ameketi tu.

"Nilimpa Mungu kitu ambacho sikuwa nacho," alisema. "Labda ndiyo maana hanisikii."

"Sasa si unacho, mama?"

"Sasa ninacho. Na baba yako anakoroga tu."

Nilimmenyea viazi.

Asubuhi ya Pasaka mama alivaa khanga yake nzuri, akamimina chai, akanyoosha mkono juu ya kabati.

"Leo na mimi nionje, kama umenibakizia."

Baba akaanza kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Mama alishusha kopo. Lilikuwa zito. Alikitoa kifurushi: gazeti lilelile, na uzi bado una fundo alilolipiga Boniphace.

"Baba Bernado. Siku zote hizi ulikuwa unakoroga nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na kijiko."

Nilicheka mpaka nikajishika mdomo.

"Kumbe ulikuwa unafunga!" mama akasema.

"Nani kafunga? Mimi sina Kwaresima." Alivua kofia, akaitazama. "Nilikuwaga nalifungua hilo kopo, nikigeuka nakuona umeinamia kiazi chako. Sasa ningekunywaje peke yangu?"

Mama alikata uzi kwa meno, akatia sukari katika kikombe cha baba kwanza, vijiko vya mtu aliyesahau kipimo. Baba alikunywa, akakunja uso.

"Tamu mno hii! Unataka kuniua siku ya Ufufuko?"

Kengele ikalia. Mama hakumwuliza kitu. Alijitanda khanga, akanipa ishara tutoke. Tulikuwa tumefika mlangoni.

"Mama Bernado!"

Safari hii hakukawia hata kidogo. "Abee."

"Ningojeni nivae viatu. Sijui viko wapi."

"Viko chini ya kitanda. Nimevipaka rangi tangu jana." Alijifuta macho kwa pindo la khanga, haraka, asionekane. "Na ukifika kule usiimbe Aleluya kama unavyokoroga chai."