Nyumba Isiyotaka Mwanga

Ipo nyumba ndogo, mlango wake uko mgongoni, na mwanga ukiingia wenyeji wote hufa. Aliyejibu kamera ya filamu amepata, wala asinipe mji.

Mama Tabasamu, mpiga picha aliyepewa jina hilo kwa kuwalazimisha wateja wacheke, asubuhi ile hakuwa na cheko la kumpa mtu. Alikuwa ametoka hospitali. Mdogo wake amelazwa, taya limefungwa waya, jicho limevimba hadi limefumba. Mumewe kawaapia polisi kwamba ameanguka ngazini. Mgonjwa, kwa kuwa hawezi kusema, akamwandikia dada yake kwenye karatasi: "Niliitega kamera kabatini ijipige yenyewe. Ngumi zake zimo kwenye filamu. Jana kaiuza kwa fundi saa, hajui."

Kwa fundi saa, kamera kuukuu zilijaa rafu nzima.

"Chagua, mama. Zimetumika, lakini nzima. Fungua mgongo ujionee, wateja wote hufanya hivyo."

"Usifungue hata moja."

"Unataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Ya jana ni ipi?"

"Jana nilipokea tatu, zile nyeusi. Nimezifuta vumbi, zimekuwa mapacha."

Mama Tabasamu akaishika ya kwanza, akazungusha kile kimkono kidogo cha juu kinachorudisha filamu kwenye kikopo chake. Kikazunguka hivihivi, kilegevu. Tupu. Ya pili ilikuwa na ukungu kwenye lenzi, nayo tupu. Ya tatu kimkono kikakaza.

"Hii ina mtu ndani," akasema taratibu. Akabonyeza kitufe cha chini, akaanza kuzungusha.

Mlango ukapigwa teke. Shemeji yake aliingia, ile karatasi ya mgonjwa ikiwa imekunjamana mkononi. Alikuwa ameipora kitandani.

"Shemeji, lete hiyo."

"Shemeji yangu alikuwa mume wa mdogo wangu. Wewe sikujui."

Kofi lilimtupa juu ya kaunta. Fundi saa akajaribu kuamua ugomvi. Mzee wa watu akabebwa juujuu, akabwagwa kwenye kabati la vioo, saa zikamwagika juu yake kama mawe. Mama Tabasamu akajikunja sakafuni, kamera tumboni. Teke la mbavu. Teke la mgongo. Akasikia kitu kikivunjika ndani yake, na bado kidole kilizungusha.

"Mdogo wako alilia zaidi," shemeji alisema, akihema. "Wewe ni gogo?"

Alimkanyaga uso. Jino likatoka na damu ikajaa kinywa, na papo hapo kimkono kikalegea. Filamu yote ilikuwa imeingia kwenye kikopo, imejifunika.

Hapo akaacha vidole vyake vibanduliwe.

Shemeji aliufungua mgongo wa kamera, akaipeleka dirishani kwenye jua, akaigeuzageuza kama mtu anayekausha samaki.

"Nasikia mwanga unaua picha." Akakichomoa kikopo, akamrushia kifuani. "Chukua, kasafishe." Kamera akaiponda ukutani mara tatu, akatoka akicheka.

Mama Tabasamu alikifumba kiganja. Fundi saa, akichomoa vioo kwenye mkono wake, akamwonea huruma.

"Pole, mama. Imeungua."

"Kaona kikopo, baba. Kilichomo hajakiona."

Jioni, ubavu umefungwa bendeji, alisafisha filamu ile gizani kwa mkono mmoja. Picha ikajitokeza polepole: ngumi imeinuliwa, mkono mwingine umeshika nywele, na uso wa mtu wazi kabisa, hata meno yanahesabika.

Akaipeleka hospitali. Mdogo wake aliitazama kwa jicho lake moja, akaikamata kwa mikono miwili. Dada mtu akadhani ataichana.

Mgonjwa akamrudishia, akainua kidole kuelekea mlangoni, alikosimama askari aliyeapiwa habari za ngazi.