Makasia Mawili na Adabu Nyingi

Mshonaji alikuwa ameshaamua kukataa. Tangu ateleze bafuni kwake na kulala sakafuni mpaka jirani aliposikia, binti yake na mkwewe hawakuacha kumsihi ahamie kwao, na leo, wakimaliza matembezi ya bustanini, walitaka jibu. Jibu lilikuwa hapana. Lilimuuma, maana aliwapenda wote, hasa wale wajukuu wawili waliokuwa wakimvuta sketi tangu getini. Lakini kuna nyumba mtu anapendwa mpaka anakosa pa kuweka mikono.

Kwa mkwewe hajawahi kuosha hata kikombe. Akishika ufagio tu, fundi friji huyo mwenye adabu zake anaruka kama kaona nyoka: "Hapana mama, pumzika." Akipita sebuleni, televisheni inazimwa na watu wanakaa wima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na miaka ya kwenda na kurudi, na jembe lenyewe hajaliona. Kuwa mgeni mpaka kufa, hilo hakuliweza.

Bustani ilikuwa ya tajiri mmoja wa zamani aliyejenga jumba la mawe, akachimbisha ziwa, akafa kabla hajalifaidi. Sasa ilikuwa mali ya umma. Penye mazizi ya farasi watu walikodi baiskeli, penye mitende ya tajiri watoto walibembea kwa kamba, na kibao cha getini kiliahidi michezo kwa kila mtu. Binti yake, mwalimu wa chekechea ambaye hupanga watu hata akiwa likizo, aliwapeleka watoto kwenye kamba, akawasukumia wakubwa ziwani.

"Mama, wewe na baba watoto mkapige makasia. Msirudi mmenuna."

Mwenye mashua aliwakalisha ubao mmoja, kila mtu na kasia lake. "Mkivuta sawa, inakwenda," alisema. "Mmoja akilegea, mtazunguka hapahapa."

Wakazunguka. Mshonaji alivuta kidogo asije akamshinda mkwe. Mkwe alivuta kidogo zaidi asije akamchosha mama.

"Tuelekee wapi, mama?"

"Popote unapopenda, baba."

"Hapana, sema wewe."

"Mimi nitasemaje na mwanamume yupo?"

Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kuhusu chombo kisicho na nahodha hata mmoja hawakusema kitu, labda kwa sababu hawakuwahi kuwaona hawa wawili. Bata walipita, wakawatazama, wakaendelea na safari zao. Upepo nao haukungoja mtu aamue. Uliisukuma mashua taratibu hadi kwenye daraja la mawe la tajiri, ambalo tao lake lilikuwa chini mno.

Fundi aliliona kwanza. Akakohoa.

"Mama, samahani sana, kama hutajali, naomba labda tungeinama kido—"

Jiwe likamgonga mshonaji utosini, kilemba kikaenda majini.

"Wewe!" Hajawahi kumwita hivyo. "Jiwe linakuja kwenye kichwa cha mtu, na wewe unapiga hodi?"

Kilemba kilielea kidogo, kikazama. Fundi alikuwa ameshika kasia kwa mikono yote miwili, macho chini.

"Nakuogopa, mama," alisema. "Siku ya kwanza nilipokuja kwenu uliniangalia mikono, ukaniuliza kama nimenawa."

"Ilikuwa na grisi."

"Tangu siku hiyo nanawa hata kabla ya kukupigia simu."

Mshonaji alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mashua ikatikisika, na kicheko kilipomwisha alijikuta analia kidogo, akamwambia yote: kwamba kwao anakaa kitini kama picha ukutani, kwamba anatamani siku moja tu aambiwe, mama, vitunguu vile vinaungua, kimbia.

Fundi alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofanya mbele ya friji iliyokataa kugandisha. Kisha akasafisha koo.

"Vuta, mama."

"Nini?"

"Vuta kasia. Kwa nguvu. Unavuta kama mtu anakoroga uji wa mgonjwa."

Akavuta. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, na mashua, kwa mara ya kwanza, ikaenda mbele.

Ukingoni binti wa mshonaji alikuwa amesimama na watoto, uso wote umejaa lile swali.

"Tupa kamba ya mashua, mama," alisema fundi. "Si huko. Huku. Haraka, tunarudi nyuma."

Binti aliachama. "Unamsemesha mama hivyo?"

"Mwache," alisema mshonaji, kichwa wazi, akairusha kamba pale alipoelekezwa. "Na kile kitanda cha wageni mkitoe chumbani. Nakuja na changu."