Muziki wa Mjapani Kisimani

Udongo ulimporomokea Wakoli alasiri, akiwa chini ya kisima chake pale Saboti akizoa tope. Haukumfunika. Ulimbana hadi kifuani, ukaumeza mkono wa kushoto, ukamwachia mkono wa kulia na kichwa. Huko juu, kwenye duara la mwanga, alimwona jirani yake Kipkirui, aliyekuwa akimvutia ndoo.

"Usitingishike," Kipkirui alisema. "Nimepigia watu wa zimamoto Kitale. Wanakuja."

Wakoli alitaka kumjibu, ndipo akagundua jambo la kutisha. Kila alipotoa pumzi, udongo uliijaza nafasi ambayo kifua chake kiliiacha, na pumzi iliyofuata ikawa finyu zaidi. Hofu ikamfanya aheme mbio, na kadiri alivyohema ndivyo alivyozidi kubanwa.

Majirani wakaanza kukusanyika. Mmoja akaanzisha tenzi, wengine wakaitikia kwa nguvu, na vishindo vya miguu yao vikamwangushia changarawe kichwani.

"Rudini nyuma," Kipkirui aliwaambia kwa sauti ya chini. "Mtamzika, bana."

Kisha ikaja sauti ya Lenah, bintiye. Alisoma chuo cha Kibabii, karibu na Bungoma, na alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Baba, unapumua mbio sana."

"Siwezi... kuacha."

"Nakushushia simu. Usiongee. Sikiza tu, upumue nayo pole pole."

Simu ilishuka ndani ya soksi iliyofungwa kwenye kamba. Ilipomfikia usoni, Wakoli alisikia kilichokuwa kikilia, akataka kukasirika. Ulikuwa ule muziki wa Mjapani. Likizo nzima Lenah aliucheza sebuleni akisoma, na yeye alikuwa akimuuliza kama ni friji imeharibika. Hauna ngoma, hauna mwimbaji. Mlio mrefu wa kinanda cha umeme unapanda kama moshi wa jikoni asubuhi isiyo na upepo, kengele ndogo inalia mbali, halafu maji yanadondoka.

Maji hayo yalimtia kiwewe. Alidhani maji yanaingia kisimani. Akageuza shingo kutafuta, changarawe zikamwagika tena, ndipo akatambua kwamba yanadondoka ndani ya ule muziki.

Basi akajilazimisha. Mlio ulipopanda, alivuta pumzi kidogo, ya juu juu. Uliposhuka, aliiachia taratibu, asiitoe yote. Kengele ilipolia, alisubiri. Udongo haukulegea, lakini uliacha kumkaza.

Kipande kimoja kiliingia ndani ya kingine bila kukatika. Wakoli, ambaye hakuwahi kuusikiliza hata mara moja, alianza kujua ni wapi kinanda kitatulia na wapi kengele itarudi. Mara donge kubwa likamegeka ukutani, likapita karibu na sikio lake. Mwili wake ulitaka kupiga mayowe. Akaushika ule mlio, akaufuata hadi mwisho wake, akangoja mwingine.

Mwingine haukuja. Simu ilikuwa imeisha chaji.

"Baba?"

"Niko," alinong'ona, na pumzi zikaanza kumkimbia upya.

Lenah akalala kifudifudi juu ya ubao ukingoni. Akafumba mdomo, akaanza kuuvumisha mlio ule mwenyewe. Sauti ilimtetemeka, tena aliukosea, lakini ulipanda, ukashuka. Aliendelea hivyo mpaka watu wa Kitale walipofika na mbao zao, wakazikinga kuta zisiporomoke, wakateremka na kumfukua kwa mikono. Jioni ilipoingia, Wakoli alikuwa amelazwa kwenye nyasi, mguu umevunjika, akivuta hewa kwa pupa kama mtu anayekunywa maji.

Alifanyiwa upasuaji wa mguu huko Bungoma. Lenah alipokuja kumwona wodini, aliweka simu juu ya mto, akaufungulia ule muziki. Kinanda kilipopanda tu, jasho likamtoka babake, vidole vikang'ang'ania shuka.

"Zima, mama. Nikiusikia, narudi kule."

Aliuzima upesi. "Pole. Nilidhani sasa unaupenda. Nitakuwa nausikiza nje."

"Hapana, kaa." Wakoli alingoja moyo utulie. "Hebu niambie, huyo Mjapani alikuwa anafikiria nini akitengeneza kitu kama hicho?"

Lenah akawaza. "Sijui, baba. Nafikiri alikuwa amekosa usingizi."

Wakoli akacheka, mbavu zikamuuma, akazishika na kuendelea kucheka.