Viti vya Majirani

Kila mwaka kampuni yetu hutenga wiki nzima ya kujisifu kwa tarakimu. Kiwanda cha sabuni tu, lakini tunatoa kitabu chenye picha za rangi kueleza nani amefaidika nasi na kwa kiasi gani: wafanyakazi, serikali, wauzaji, wanahisa, wastaafu, majirani. Anayekiandaa ni mimi. Na nilivyokuwa najiona, acha tu!

Mwaka huu mkaguzi akaja na sharti lake: mtu mmoja ahesabiwe mara moja tu. Basi ikawa kazi. Shangazi yangu, kwa mfano, anaishi nyuma ya ukuta wa kiwanda. Anatushonea ovaroli, mumewe ni mstaafu wetu, na yeye mwenyewe ana hisa kumi alizonunua ujanani, ukimsikia anavyozitaja utadhani kiwanda ni chake. Nimweke wapi? Nikamweka kwa wauzaji, maana ukurasa wao ulikosa picha nzuri. Mtaa mzima nikaupanga vivyo hivyo: mlinzi wa lango, mfanyakazi; seremala, muuzaji; wazee wa kona, wastaafu. Hesabu ikakaa sawasawa, mkaguzi akanipongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikuangalia tena.

Siku ya mkutano wa wadau tulikusanyika bwaloni, kila mtu kwenye viti vya kundi aliloandikiwa kitabuni. Ajenda ya nne ilikuwa lango la nyuma. Kampuni ilitaka kulifunga, na kwa kanuni zetu wenyewe njia haifungwi majirani wakikataa. Watu wa mtaani hupitia hapo kwenda zahanati. Kuuzunguka ukuta ni mwendo wa saa nzima, na mume wa shangazi ana kidonda cha mguu kinachosafishwa kila baada ya siku moja. Anatembelea fimbo. Akizungushwa huko, hafiki.

"Majirani wanasemaje?" mkurugenzi akauliza.

Tukageuka kutazama viti vya majirani. Vitupu vyote kumi na viwili!

Shangazi akainuka kule kwa wauzaji. "Mimi nina neno, baba."

"Mama, wewe umeandikwa muuzaji," mkurugenzi akasema kwa upole, akikipekua kitabu changu. "Habari za ovaroli tumeshamaliza. Hili ni la majirani."

"Kwani mimi nalala wapi, ndani ya cherehani?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Katibu akawa anasoma huku akiandika: "Majirani, hakuna pingamizi." Shangazi akanitazama, machozi yanamlengalenga. Na huyo si mtu wa kulia hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniliza mimi nilipokuwa mdogo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikasimama, nikavuka bwalo, nikakaa kwenye kiti cha mbele cha majirani.

"We! Wewe ni mfanyakazi!" bosi wangu akafoka.

"Nalala mtaa uleule, bosi. Aliyekosea kitabuni ni mimi."

Shangazi akaja, akanisukuma kwa nyonga nimpishe. Mlinzi akafuata, kofia mkononi. Seremala naye. Kisha wastaafu, wakiburuta viti walivyokalia, maana vile kumi na viwili havikutosha. Mkaguzi maskini akawa anafuta na kuandika, anafuta na kuandika, jasho linamchuruzika.

"Majirani wanasemaje?" mkurugenzi akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Tunakataa," shangazi akasema. Nyuma yake wakaitikia wote.

Lango halikufungwa. Kitabu kilirudi mezani kwangu kianzwe upya, na bosi hajanisalimia hadi leo.

Tulipotoka nilidhani shangazi atanishukuru. Thubutu! Alinishika mkono, akanivuta kando ya ukuta watu wasisikie.

"Mwanangu," akasema, "mwakani kabla ya kunihesabu, uniulize."